Kabla ya Kusema Imekufa

Kompyuta ya mezani ikigoma kuwaka kabisa, bila taa, bila feni, bila hata mlio mdogo, hukumu hutoka papo hapo: pawa saplai imekufa. Mara nyingi hukumu hiyo huwa ya kweli, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Anayepatia mara nyingi bila kupima huacha kupima. Anafunga nyingine, mashine inawaka, mteja anashukuru na kulipa. Kisha inakuja siku ambayo hiyo nyingine inapasuka mchana ule ule, au inafungwa na mashine inabaki kimya vilevile, na hakuna anayejua sababu kwa kuwa tangu mwanzo hakuna aliyeitafuta.

Kariakoo, kwenye jengo moja lenye vyumba vidogo vya mafundi, yupo mtu ambaye hutamsikia akisema "imekufa" kabla ya kuwa na ushahidi mkononi. Kila nikipata nafasi huenda kukaa kwenye kigoda pembeni ya meza yake, hata nisipokuwa na mashine mbovu, kwa sababu napenda kumwona akifikiri. Vijana wanaojifunza kwake wana daftari la kaunta ambamo kila mashine huandikiwa ukurasa: ilizimikaje, ilipimwa nini, kipimo kilisoma ngapi. Hakuna kipuri kinachotolewa kwenye droo kabla ukurasa huo haujaandikwa.

Anaanza kwa maswali. Siku moja alifika mama mwenye duka la steshenari, kompyuta yake imebebwa na kijana wa bodaboda.

"Fundi, hii imekufa. Niwekee pawa saplai nyingine, wateja wananisubiri."

"Pole, mama. Ilizimika ikiwa kazini, au mlikuta tu haiwaki?"

"Umeme ulikatika jana jioni. Uliporudi, haikuwaka tena."

"Kuna kingine kilichoungua dukani?"

"Taa moja."

"Umeme uliporudi, ulisikia mlio wowote? Harufu?"

"Mimi sikuwepo, alikuwepo binti yangu."

"Naomba umpigie, mama."

Mama alishangaa kidogo, lakini akapiga. Binti akaeleza kwamba alisikia kitu kikilia "pa!" nyuma ya kompyuta, kisha ikaja harufu kama ya plastiki inayoungua. Kijana akayaandika hayo kwenye daftari. Mtu mwenye haraka angeona simu hiyo ni kupoteza muda. Kumbe katika kazi hii namna mashine ilivyozimika ni nusu ya jibu. Iliyolia "pa" umeme uliporudi inaelekeza macho upande wa umeme mkubwa, kwenye fyuzi na transista. Iliyokuwa ikiwaka kwa kubembelezwa, leo jaribio la pili, kesho la tano, inaelekeza kwenye kapasita zilizokauka. Inayozima yenyewe pale tu inapopewa kazi nzito huwa imezidiwa na mzigo au na joto. Na ile iliyozima mara baada ya mtu kufungua kasha na kusafisha, hiyo kwanza huulizwa aliyesafisha.

Baada ya maswali, vinafuata vile ambavyo wengi huona aibu kuvikagua kwa sababu ni rahisi mno. Soketi ya ukutani ina umeme? Plagi yetu ya miguu mitatu ya bapa ina fyuzi yake ndani, ni nzima? Waya wa umeme ukibadilishwa? Nyuma ya pawa saplai kuna swichi ndogo. Imeguswa na aliyekuwa akifuta vumbi? Halafu anainamisha pua kwenye matundu ya feni na kunusa. Transista iliyoungua ina harufu yake kali, na kapasita iliyovuja ina harufu ya uchachu unaokaribia wa samaki. Pua yake imezoea tofauti hizo, ingawa haiamini peke yake. Yote hayo hayachukui muda wa kunywa kikombe cha kahawa, na yameokoa wateja wengi gharama ya kipuri wasichokihitaji.

Ili uone uzuri wa hatua zinazofuata, inabidi kujua kidogo kile kisanduku kinafanya nini. Kinapokea umeme wa ukutani, kwetu volti 230, unaokwenda na kurudi mizunguko 50 kila sekunde. Daiodi nne zinaunyoosha uwe wa upande mmoja, nao unapanda hadi karibu volti 325 kwenye kapasita kubwa zilizo mlangoni. Hapo transista zinaukata vipande makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, vipande hivyo vinapita kwenye transfoma ndogo, na upande wa pili zinatoka volti zinazotumiwa na kompyuta: 12, 5 na 3.3. Kukata huko kwa kasi ndiko kulikoifanya transfoma iwe ndogo. Ya mtindo wa zamani yenye nguvu hiyo ingekuwa na uzito wa kilo kadhaa. Kompyuta ya kwanza ya IBM PC, ya mwaka 1981, ilikuwa na pawa saplai ya wati 63.5 tu. Mashine ya ofisi ya leo huwa na ya wati 200 hadi 300, na za michezo ya video huzidi hapo sana.

Mwaka 1995 Intel ilitoa kiwango cha ATX, nacho kiligeuza kabisa kazi ya kutafuta ubovu. Kabla yake, swichi ya mbele ilikata umeme wenyewe. Tangu ATX, kitufe cha mbele hakikati wala hakiwashi chochote, kinaomba tu. Maombi hayo hupita kwenye nyaya chache zenye rangi zinazojulikana, na fundi anayezijua hukaa akisikiliza mazungumzo kati ya mazabodi na pawa saplai. Waya wa zambarau una volti 5 muda wote mashine ikiwa kwenye soketi, hata ikiwa imezimwa. Ndio unaoiweka mazabodi macho. Waya wa kijani ni wa maombi: ukibonyeza kitufe, mazabodi huushusha hadi karibu na sifuri, maana yake "washa". Waya wa kijivu ni wa majibu: volti zote zikishatulia, pawa saplai husubiri kati ya milisekunde 100 na 500, kisha huupandisha hadi volti 5, maana yake "nimekuwa tayari". Njano ni volti 12, nyekundu ni 5, rangi ya chungwa ni 3.3, na nyeusi ni njia ya kurudia. Siku hizi pawa saplai nyingi huja na nyaya nyeusi tupu, na hapo fundi huhesabu matundu ya plagi kubwa ya nyaya 24: tundu la 8 ni la kijivu, la 9 la zambarau, la 16 la kijani.

Sasa tazama anavyofanya. Hachomoi plagi kutoka kwenye mazabodi. Anaiacha mahali pake, anaingiza ncha nyembamba ya multimita kwa nyuma, ubavuni mwa waya, mpaka iguse chuma kilicho ndani. Mita yenyewe ameshaijaribu asubuhi kwenye betri mpya, kwa sababu mita ya bei nafuu ikiwa na betri dhaifu husoma zaidi ya ukweli, na fundi anayeamini mita mgonjwa atatibu mashine nzima. Ncha nyeusi kwenye bati la kasha, ncha nyekundu kwenye waya wa zambarau. Kipimo kimoja tu, na nusu ya uwezekano wote imeondoka. Zambarau ikiwa na volti 5, basi fyuzi ya ndani ni nzima, daiodi za mlangoni ni nzima, kapasita kubwa zimejaa, na kisehemu kidogo cha kusubiri kinafanya kazi. Ikiwa sifuri, ubovu uko huko, au kuna kitu kwenye mazabodi kinachopiga shoti.

Zambarau ikiwa salama, ncha inahamia kwenye kijani, na kidole cha mwanafunzi kinabonyeza kitufe cha mbele. Hapa ndipo ninapoipenda kazi hii kuliko mahali pengine popote. Kijani kisiposhuka, ombi halikufika. Pawa saplai haijaambiwa kitu na haina kosa. Tafuta kwenye kitufe, kwenye vijiwaya vyake, kwenye mazabodi. Kijani kikishuka na volti nyingine zisipande hata kidogo, ombi lilifika na halikujibiwa. Mashaka yanahamia kwenye pawa saplai. Kijani kikishuka, feni ikashtuka nusu mzunguko na kila kitu kikazima, basi pawa saplai ilijaribu ikakuta shoti au mzigo usio wa kawaida, ikajilinda. Hapo mtu wa pupa atasema ni mbovu, na huenda ndiyo kifaa pekee kizima ndani ya kasha zima. Fundi huichomoa kwenye soketi, hungoja kidogo ili kinga yake ijifute, kisha hutenganisha kimoja kimoja: diski, kadi ya picha, memori, plagi ya prosesa. Kile ambacho kikitoka mashine inatulia, ndicho cha kuhojiwa.

Na kuna ile hali inayowachanganya wengi kuliko zote: feni zinazunguka, taa zinawaka, kioo ni cheusi. Watu husema "pawa iko sawa, si unaona feni?" Yeye hupima kijivu. Kisipopanda, mazabodi inaendelea kuizuia prosesa isianze kazi, na feni zitazunguka hata kesho bila kioo kuonyesha herufi moja.

Kwa mama wa steshenari, zambarau ilisoma sifuri. Hata hapo fundi hakutamka. Aliichomoa pawa saplai kutoka kwenye mazabodi, akaiunganisha na soketi ikiwa peke yake mezani, akapima tena. Sifuri. Ndipo akamgeukia mama kwa mara ya kwanza na kusema, "Sasa, mama, ni pawa saplai." Maneno yalikuwa yale yale aliyoingia nayo mama, lakini sasa yalikuwa na kitu cha kusimamia, na kwenye daftari palikuwa na tarakimu zinazoonyesha njia iliyofika hapo.

Kufungua kisanduku chenyewe ni hatua ya watu wachache, na nasema wazi kwa msomaji ambaye si fundi: usifungue. Zile volti 325 hubaki kwenye kapasita hata waya ukichomolewa, na zinaua. Fundi huyu huvua pete na saa kabla ya kushika bisibisi. Akishatoa kifuniko, kitu cha kwanza ni kumaliza umeme wa kapasita kubwa kwa kuupitisha kwenye taa ya kawaida yenye waya mwembamba ndani. Ikiwa zilikuwa na kitu, taa humeta na kuzima. Kisha anapima kuhakikisha. Kisha anapima tena, na wanafunzi wake nao hutakiwa kupima kwa mikono yao wenyewe.

Fyuzi ya ndani ilikuwa nyeusi. Hilo nalo lina maana. Fyuzi iliyokatika taratibu, uzi umeachana na kioo bado kinang'aa, yaweza kuwa imechoka tu. Fyuzi ambayo kioo chake kimepakwa masizi ilikatwa na shoti kubwa, na kuweka nyingine bila kutafuta shoti hiyo ni kuiunguza ya pili. Kufunga kipande cha waya mahali pa fyuzi ni kuhatarisha nyumba ya mtu. Nimemwona akikataa mashine iliyofanyiwa hivyo mpaka mwenyewe akubali waya ule utolewe kwanza.

Mashine zinazotumwa na ndugu kutoka Marekani zina kifo chao maalumu. Pawa saplai nyingi za zamani zina swichi nyekundu nyuma yenye alama mbili, 115 na 230. Ikiwekwa 115, sakiti hupandisha volti maradufu ili umeme dhaifu wa kule ufike kiwango kinachotakiwa. Ukiichomeka kwenye soketi yetu ikiwa hivyo, kapasita mbili zilizotengenezwa kuvumilia volti 200 kila moja hupewa karibu 325 kila moja, na kisanduku hupasuka kabla hujaondoa mkono kwenye swichi. Kutazama swichi hiyo ni bure kabisa.

Mbele ya fyuzi iliyoungua ndipo inapotoka taa ya siriizi. Ni ubao wenye soketi na taa moja ya waya mwembamba, ya wati 60 au 100, iliyounganishwa ili umeme wote unaokwenda kwenye kifaa upite kwanza ndani yake. Hakuna zana niipendayo kama hii kwenye meza ile. Kifaa kikiwa na shoti, taa huwaka kwa nguvu zake zote na kubeba mzigo wote yenyewe, hakuna kinachopasuka. Kikiwa kizima, taa humeta mara moja kapasita zinapojaa, kisha hufifia. Fundi anasoma hali ya sakiti nzima kwa mwanga. Taa ya LED haifai kwa kazi hiyo, na zile za waya mwembamba zimeadimika madukani, kwa hiyo yeye huzihifadhi kwenye boksi lenye magazeti. Huwaonya vijana wake pia kwamba pawa saplai mpya zaidi, zile zinazorekebisha mkondo mlangoni kwa sakiti zao zenyewe, zinaweza kuifanya taa ichezecheze hata zikiwa nzima, kwa hiyo mwanga nao unahitaji kutafsiriwa kwa kujua kilicho mbele yako.

Ile ya mama ilipowekewa fyuzi nyingine na kuunganishwa kupitia taa hiyo, taa iliwaka kwa nguvu na haikufifia. Akashusha mita kwenye transista za kukata umeme: mguu kwa mguu, mita ikalia mfululizo pale ambapo haikupaswa kulia. Moja ilikuwa imepiga shoti. Kando yake varista, kile kisahani kidogo kinachomeza umeme uliozidi, kilikuwa kimepasuka katikati. Sasa hadithi ilikuwa kamili: umeme ulirudi na msukumo mkubwa, varista ikajitoa mhanga, transista ikafuata, fyuzi ikafunga mlango. Taa ya dukani iliyoungua jioni ile ilikuwa shahidi tangu mwanzo. Fundi alimweleza mama yote hayo akimwonyesha kila kipande, kisha akampa ushauri ambao haukuuza kitu: umeme ukikatika, achomoe mashine ukutani, na asiichomeke tena mpaka umeme uwe umerudi na kutulia.

Kuhusu kipi afungiwe, alisema bila kuzunguka kwamba ile ilikuwa ya daraja la chini na haistahili kutengenezwa. Aliishika kwa mkono mmoja, akampa mama nyingine ya mtumba aishike kwa mkono wa pili. Ya kwanza, iliyoandikwa wati 500, ilikuwa nyepesi. Ndani yake koili za kuchuja umeme mlangoni hazikuwekwa, nafasi zao zimeachwa matundu matupu, na mabati ya kupoza joto yalikuwa membamba. Karatasi ya nje inaweza kuandikwa wati zozote, lakini shaba na alumini zina uzito.

Hiyo ya mtumba nayo haikuepuka kipimo. Wengi huunganisha waya wa kijani na mweusi kwa klipu ya karatasi, feni ikizunguka wanasema nzima. Volti zisizo na mzigo hudanganya. Kapasita iliyochoka inaweza kuonyesha volti 12 safi mezani na kuanguka mara prosesa inapoanza kufanya kazi. Kwa hiyo yeye huweka mzigo, na mzigo wake ni taa za mbele za gari: taa ya wati 55 kwenye volti 12 hula karibu ampea 4.6. Anaunganisha mbili, ukuta unang'aa, anaziacha huku anaendelea na kazi nyingine, kisha anarudi kupima. Kiwango kinaruhusu asilimia 5 juu au chini: waya wa njano usishuke chini ya 11.4 wala kuzidi 12.6, mwekundu uwe kati ya 4.75 na 5.25. Ile ilishuka kidogo ilipopata mzigo, ikasimama hapo hapo, na haikutikisika. Ndipo akaifunga.

Kwenye mashine nyingi za ofisi za HP na Dell zinazoingia kama mtumba, hata kubadilisha hivyo si rahisi. Plagi zao ni za kwao wenyewe, na nyingi za miaka ya karibuni hutoa volti 12 tu, mazabodi ikajitengenezea nyinginezo. Zipo hata mashine za Dell za mwishoni mwa miaka ya 1990 zenye plagi inayofanana kwa sura na ya ATX lakini nyaya zimepangwa tofauti. Kuchomeka pawa saplai ya kawaida humo ni kuunguza mazabodi. Fundi hupima kila tundu kabla ya kuamini umbo la plagi.

Nilimheshimu zaidi kwa mashine nyingine, iliyotumwa kwa basi kutoka Njombe. Mwenyewe, mwalimu, alilalamika kwa simu kwamba kila asubuhi haiwaki mpaka aibonyeze na kuibonyeza, na ikishawaka haina tatizo mpaka kesho yake. Ilipofika Dar es Salaam ikawaka mara moja. Ikazimwa, ikawaka tena. Kijana mmoja akataka kuirudisha na ujumbe kwamba haina ubovu. Fundi akamzuia: "Mwalimu hajadanganya. Sisi ndio tuko kwenye joto."

Hapo inabidi kuisifu kapasita. Inafanya kazi ya simtanki: bomba linatoa maji kwa vipindi, tangi linahifadhi, nyumba inapata maji yasiyokatika. Ndani yake kuna majimaji yanayobeba umeme, na majimaji hayo hukauka kwa miaka, hasa kwenye joto. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza maisha yake kwa nusu. Ikianza kukauka, huteseka zaidi kwenye baridi, kwa sababu majimaji yaliyosalia huwa mazito na umeme hupita kwa shida. Asubuhi ya Njombe ilikuwa ikiuonyesha ugonjwa ambao mchana wa Kariakoo uliuficha.

Kapasita kubwa zikiharibika mara nyingi huvimba kichwani, unaziona kwa macho. Dunia ilipata somo lake kati ya mwaka 1999 na katikati ya miaka ya 2000, wakati kapasita zenye majimaji mabaya zilipovimba na kuvuja kwenye mamilioni ya mashine. Mwaka 2005 Dell peke yake ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kompyuta zilizoathirika. Lakini kapasita inayosimamia ile volti 5 ya kusubiri huwa ndogo, imekaa karibu na bati la joto, na hukauka bila kuvimba. Fundi aliijua mahali ilipo. Akaichomoa kwa chuma cha solda, akaiweka kwenye kipimo: ubavuni imeandikwa mikrofaradi 47, kipimo kikaonyesha chini ya 10. Akaweka nyingine ya kuvumilia nyuzi 105, akitazama mara mbili upande wa hasi, maana ikigeuzwa hupasuka. Kipuri chenyewe bei yake haifiki ya soda.

Hakuishia hapo. Kwa nini ilikauka? Feni ya pawa saplai ilikuwa nzito kuzunguka, imejaa vumbi jekundu mpaka kwenye ekseli. Joto lisilotoka ndilo lililoipika kapasita. Akabadilisha na feni. Angebadilisha kapasita peke yake, mwalimu angerudi. Nimekaa hapo vya kutosha kuona kwamba chanzo mara nyingi ni kitu cha kawaida kabisa: vumbi, chumvi ya hewa ya pwani inayokula miguu ya vipuri, mende, mjusi kafiri aliyeingia kutafuta joto akagusa mahali pawili kwa wakati mmoja.

Na kuna siku alipokuja kijana wa chuo, kompyuta iko kimya kabisa, ameshakopa pesa ya pawa saplai. Zambarau volti 5. Kijani hakikushuka kitufe kilipobonyezwa. Fundi akachomoa vijiwaya vya kitufe kutoka kwenye mazabodi na kugusanisha pini mbili kwa ncha ya bisibisi. Mashine ikawaka. Kitufe cha mbele kilikuwa kimekwama ndani ya plastiki. Akakinyoosha, akafunga kasha. Kijana akasema, "Asante sana, fundi, kumbe haikuwa kitu," akaweka pesa yake mfukoni na kuondoka. Fundi hakumwita. Wanafunzi wake wawili walitazamana.

Nimeliwaza sana jambo hilo. Kijana yule angefungiwa pawa saplai asiyoihitaji, angelipa bila kuuliza, kwa sababu angeona kitu kimebadilishwa. Alipookolewa gharama hiyo na mtu aliyejua ni waya gani wa kupima, hakuona cha kulipia. Tukiendelea hivyo tunawafundisha mafundi wetu kwamba kubadilisha vipuri kunalipa na kutafuta ukweli hakulipi, na wale vijana wenye daftari la kaunta watajifunza somo hilo haraka kuliko yote wanayofundishwa pale mezani. Ukimpelekea fundi kompyuta isiyowaka, patana naye bei ya uchunguzi kabla hajashika bisibisi, na mlipe bei hiyo hata akiirudisha bila kuongeza kipuri hata kimoja.